Fundi Thomasine na Mchezo Ulioungua

Kwa miaka kumi na minane Thomasine aliwashonea mavazi waigizaji wa London, akikaa nyuma ya jukwaa na kusikiliza kila mchezo. Siku moja moto uliteketeza nakala pekee ya mchezo waliojivunia kuliko yote. Washairi wawili, Crake na Ludlow, wakagombana, kila mmoja akidai ndiye aliyeutunga.

"Haya mabwana, malkia wa mchezo huo anasemaje kabla ya kufa?" Thomasine akauliza.

Wote wawili wakababaika.

"Makubwa! Baba wawili, na mtoto hawamjui!" waigizaji wakacheka.

Basi Thomasine akayasema yeye maneno yote, ya malkia na ya wengine wote, kwa siku tatu, karani akinakili.

Mchezo uliporudi jukwaani, watu walishangilia hadi sauti zikawakauka. Mtunzi hajajulikana hadi leo. Lakini waigizaji walimvuta Thomasine mbele ya umati, naye akasimama akicheka na kulia, nyuzi zikining'inia begani.