Damaris na Ombi la Pili

Damaris alikuwa mtu wa Nyamira, Kenya. Mimi natoka Tanga. Tuliishi chumba kimoja Al Mansoura, Qatar, kwa miaka mingi, kwenye jengo ambalo hoteli yetu iliwapangishia wafanyakazi wake. Yeye alisafisha vyumba vya wageni, mimi nilikuwa dobi huko chini. Alikuwa Msabato, tena Msabato kwelikweli: alibadilishana zamu na kila aliyekubali, hata zamu mbaya, mradi Jumamosi asishike kazi. Kazini hakuwa na maneno. Chumbani alicheka mpaka majirani wakagonga ukuta.

Kaka yake, Benard, alikwenda kusoma Marekani mwaka 1999. Mwaka 2003 muuzaji wa duka la kituo cha mafuta alipigwa risasi, na dereva wa lori aliyekuwa hapo akasema mahakamani kwamba aliyemwona akikimbia ni Benard. Hapakuwa na ushahidi mwingine wa maana. Benard akafungwa maisha, na rufaa yake ikakataliwa.

Huko mfungwa akishamaliza rufaa, bado sheria inamruhusu kuomba mahakama ichunguze kama amefungwa kihalali. Lakini anapewa muda mfupi, na nafasi hiyo kwa kawaida ni moja tu. Benard hakuwa na wakili. Aliandika ombi mwenyewe, mfungwa mwenzake akimwelekeza, akihofia muda usimpite. Likatupwa. Damaris alinisimulia haya bila kulia, kama mtu anayesimulia ugonjwa wa zamani.

Halafu mwaka 2014 akaja mbio kwenye chumba cha kufulia akiwa bado na glavu mkononi.

"Saada, yule dereva amesema ukweli."

Dereva alikuwa ameokoka uzeeni. Alimwambia mchungaji wake kwamba hakuwahi kuiona sura ya mtu yule. Polisi walimwonyesha picha moja tu, ya Benard, nao wakamwambia ndiye. Sasa alikuwa amekula kiapo kwa maandishi. Wakili mmoja wa msaada wa sheria, mama anayeitwa Hannah, akaichukua kesi bila malipo.

Ijumaa ile Damaris alipika ugali na kuku, akaita Wakenya wa ghorofa nzima. Alishaanza kuzungumzia chumba atakacholala Benard kule nyumbani, na kama ataweza tena kula chakula cha kwetu.

Hannah alipopiga simu, Damaris aliweka sauti kubwa ili nami nisikie. Wakili alizungumza Kiingereza cha polepole.

"Siwezi kwenda moja kwa moja kwa jaji," alisema. "Hili ni ombi la pili. Lazima kwanza niombe ruhusa kwa majaji watatu wa mahakama ya juu."

"Ruhusa ya nini?"

"Ya kuleta ombi."

Damaris akanitazama. "Yaani tunaomba ruhusa ya kuomba?"

"Ndiyo. Sheria iliwekwa ili wafungwa wasirudi mahakamani kila mara."

"Lakini Benard hajarudi kila mara. Amerudi mara moja."

"Najua," Hannah akasema.

Jibu lilitoka baada ya majuma machache. Ukurasa mmoja. Majaji walisema dereva alijulikana tangu siku ya kesi, kwa hiyo maneno yake yangeweza kutafutwa mapema, kabla ya ombi la kwanza. Ruhusa imekataliwa.

"Angemtafuta vipi?" Damaris alimuuliza Hannah kwenye simu. Alikuwa amekaa kitandani, sare bado mwilini. "Alikuwa ndani."

"Niliwaandikia hivyo."

"Basi kata rufaa."

"Wakikunyima ruhusa, sheria haikubali rufaa."

"Tuombe upya. Si karatasi ya dereva bado iko?"

"Sababu ile ile hairudishwi mara mbili. Nikipata jambo jipya kabisa, nitajaribu."

Damaris akauliza, "Huyo dereva, wao walimwita? Walimsikiliza?"

"Hapana, Damaris. Hakuna jaji aliyemsikiliza."

Benard alipiga Jumapili. Simu zake zilianza na sauti ya mashine ikitangaza kwamba zinatoka gerezani, nami nilizoea kutoka nje nikiisikia. Siku hiyo Damaris alinishika mkono nisitoke.

"Umekula?" Benard aliuliza.

"Benard, wamekataa."

"Niliambiwa. Nimekuuliza kama umekula."

"Nimekula."

"Ile treni mlisema inachimbwa chini ya mji, imefika wapi?"

Akamweleza habari za mashimo na mitambo, na barabara zilizofungwa, machozi yakimtiririka, sauti yake ikiwa ya kawaida kabisa. Kila alipojaribu kuirudia kesi, kaka yake alimuuliza jambo jingine. Mashine ikawakata.

Alijaribu kila alichokijua. Alikwenda ubalozi wa Kenya akapokewa vizuri na kuambiwa aandike Nairobi. Aliandika, na hakujibiwa. Hannah alipeleka ombi la msamaha kwa gavana wa jimbo alikofungwa Benard, nalo likakaa huko. Kanisani walifunga na kuomba. Asubuhi Damaris alirudi kutandika vitanda, na kama mgeni alimuuliza hali, alisema nzuri.

Mwaka 2017, majirani wa Qatar walipofunga mipaka, wageni walipungua na hoteli ikapunguza watu. Jina la Damaris lilikuwemo. Nilimsindikiza uwanja wa ndege. Kilichomsumbua si kazi, ni namba ya simu: gereza lilikuwa limeidhinisha ile ya Qatar, na namba mpya ya Kenya ilibidi isubiri idhini.

"Atapiga huku na nitakuwa sipo," alisema.

Miezi ikapita kabla ndugu hao hawajazungumza tena. Mwaka uliofuata nilimpigia Nyamira. Alikuwa shambani akichuma chai. Aliniambia Hannah amemjulisha kwamba yule dereva amefariki, na kiapo chake kimebaki kwenye faili.

"Ulimwambia Benard?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Aliuliza kama marehemu ameacha watoto."