Mbwa Aliyenyonya Mbuzi

Kaka zangu wakisimulia habari za yule mbwa husema, "Tulimpata." Tulimpata! Nani na nani? Niliyempata ni mimi, na nitasema hivyo mpaka nizikwe. Wao walikuwa wanamfukuza tu.

Tulikaa Kintinku, ng'ambo ya reli, enzi za Mwingereza, nami nilikuwa na miaka kama kumi na miwili. Baba alipeleka mbuzi wawili stesheni kuwauza, na mbwa wetu wa zizi akamfuata. Maskini, hajawahi kuona treni kwa karibu. Ilipolia na kumwaga mvuke, alichomoka mbio kama kamwagiwa maji ya moto, akapotelea vichakani.

Siku ya tatu akaja askari na bunduki. Wakati ule watu waliogopa kichaa cha mbwa, na amri ilikuwa imetoka: mbwa asiye na mwenyewe apigwe risasi. Baba akamsihi sana.

"Haya, mzee," askari akasema. "Jua likizama nimkute nyumbani kwako. Nisipomkuta, hana mwenyewe huyo."

Kaka zangu wakatoka mbio na majirani. Vidole mdomoni, wanapiga mluzi mpaka masikio yanauma. Jamani! Mbwa amekimbia mlio wa treni, na wao wanampelekea mlio ule ule, tena na fimbo mkononi. Alionekana mara mbili nyuma ya mashamba ya mtama, mkia kaufyata, na kila walipomkaribia alizidi kwenda mbali. Nilikasirika nikalia.

"Baba, waambie waache mluzi," nikasema. "Nipe yule mbuzi mzee."

"Nyamaza! Mtoto wa kike utanifundisha mbwa wangu?"

Sikunyamaza. Nikamkumbusha kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemweka mbwa yule chini ya yule mbuzi, hata macho hajafumbua, anyonye pamoja na wana wake. Ndivyo tulivyowalea mbwa wa zizi, ili wajue mbuzi ndio ndugu zao. Alikua akilala ubavuni pa mbuzi yule. Sisi watu alituvumilia tu.

Baba akaliangalia jua. "Mchukue," akasema, bila kunitazama.

Nikamfunga mbuzi kamba, nikaenda naye polepole hadi vichakani, peke yangu. Sikuita. Sikutazama huku wala huku. Nilikaa chini, nikamwacha ale majani, huku vivuli vinarefuka. Mbuzi akalia mara moja. Kimya. Akalia tena, na nyuma yangu majani yakachakarika.

Nilitamani kugeuka! Nikajizuia. Nikasimama, nikaanza kumwongoza mbuzi kurudi nyumbani taratibu. Nilisikia pumzi fupi fupi, kisha nikaona kwa pembeni pua nyekundu yenye vumbi imegusa tumbo la mbuzi. Mbwa alikuwa anatetemeka mwili mzima, mbavu unaweza kuzihesabu, lakini anatembea. Tukaenda hivyo watatu, tukavuka reli, wala mbwa sikumshika.

Nyumbani watu walikuwa wamejaa uani, na askari amesimama mlangoni pa zizi, bunduki begani. Nikawaonyesha kaka zangu kwa mkono wasithubutu kupiga mluzi. Wakatii. Wao, wanitii mimi!

"Shikamoo," nikamwamkia askari, nikapita mbele yake na mbuzi wangu. Mbwa akaingia zizini, akajikunja pale pale alipozoea. Nikamvisha kamba shingoni, hakushtuka.

Askari akachungulia. "Basi mbwa huyu ni wa nani?"

Kaka mkubwa akafungua mdomo. Baba akamzuia kwa mkono, akakohoa, akasema kwa sauti ili wote wasikie:

"Ni wa binti yangu huyu."

Kwetu mtoto wa kike hakuwa na hata kifaranga cha kwake. Jioni ile mimi nilikuwa na mbwa.