Taa ya Bunju

Dwight Kessling aliiunganisha baa yake chumbani, ghorofa ya tatu ya hoteli moja ya Fort Lauderdale, na kwa mara ya kwanza aliiunganisha peke yake. Ilikuwa baa ya mbao aliyoichonga kwa mikono yake huko Ohio, yenye paa dogo la makuti na kinyago kila upande. Kila mwaka wapenzi wa mambo ya visiwa vya Polinesia, watu ambao majumbani mwao wamejenga vibaraza vya mianzi na kupanga vikombe vya udongo vyenye sura za miungu, walikutana hapo mwishoni mwa juma. Jioni ya Jumamosi walizungukia vyumba vya wenzao, kila mwenyeji akiwakaribisha kwa kinywaji chake. Chumba cha akina Kessling kilikuwa kikijaa hata wageni wakanywa wamesimama bafuni.

Mkewe, Arlene, alikuwa amefariki mwezi wa Februari. Katika jokofu aliacha chupa moja ya shira ya mdalasini, ile aliyokuwa akiipika yeye tu kwa ajili ya kinywaji chao. Dwight alijua kwamba shira ile isingefika mwaka wa pili, na kuimaliza peke yake jikoni hakuweza. Basi aliipakia kwenye sanduku la barafu, akaendesha gari hadi kusini, ili inywewe na watu waliompenda Arlene. Hilo tu ndilo lililomtoa nyumbani. Ngoma, mihadhara na soko la mashati ya maua hakuyajali.

Jioni ilipofika alivaa shati aliloshonewa na Arlene kwa kitambaa kile kile cha gauni lake mwenyewe. Alikata ndimu, akaponda barafu, akauacha mlango wazi, kisha akasimama nyuma ya baa kama alivyosimama miaka yote.

Watu walipita. Alizisikia sauti zao tangu kwenye lifti, vicheko na kugongana kwa vikombe. Lakini kila kundi lilipoukaribia mlango wake, sauti zilishuka zikawa minong'ono, nyayo zikaharakishwa, na kicheko kikaanza tena mbele zaidi koridoni. Wakati mmoja aliitambua sauti ya Gil Ostrander, tarishi mstaafu aliyekaa chumba cha mkabala, akimnyamazisha mtu. Dwight alijipanga kutabasamu. Hakuna aliyeingia. Barafu iliyeyuka ndooni, akaponda nyingine, nayo ikayeyuka. Alijiambia kwamba watu huuogopa msiba kama unavyoogopwa ugonjwa wa kuambukiza, na kwamba huenda miaka yote walikuwa wakimfuata Arlene, naye akihesabiwa kama sehemu ya baa. Hatimaye aliirudisha chupa kwenye sanduku bila kuifungua.

Asubuhi ya Jumapili, baada ya kifungua kinywa, Rosalind Tavares, mwandaaji wa mkutano, alisimama ukumbini na kipaza sauti akawaomba wahudhuriaji waseme kilichowapendeza na kilichowaudhi. Mmoja alilalamikia foleni ya kununua kikombe cha ukumbusho cha mwaka huo, mwingine akaisifu bendi ya magitaa. Gil alisema mhadhara wa historia ya mashati ulikuwa mrefu kuliko ndoa yake ya kwanza, ila ulikuwa na faida zaidi, na watu wakacheka.

Katika vikao hivyo msemaji alikuwa Arlene. Dwight hakuwahi kufungua kinywa. Sasa alisimama.

"Mimi nina moja tu," alisema. "Zamani tulikuwa tunaingia vyumbani kwa wenzetu. Jana nimekaa mlango wazi jioni yote, hakuna aliyeingia. Kama watu hawataki tena, semeni, tuache kubeba mbao bure."

Gil aliitazama sahani yake kwanza.

"Dwight, mzee wangu, taa yako haikuwepo."

"Taa gani?"

"Ya bunju. Ile Arlene alikuwa anaining'iniza nje. Chumba kisicho na taa, mwenyewe kapumzika, hatuingii. Tukasema tumwache jamaa na majonzi yake. Mimi ndiye nilikuwa nawafukuza watu mlangoni kwako, bwana. Nilidhani nakusaidia."

Miaka yote Dwight alikuwa ndani akichanganya vinywaji. Aliyezungukia vyumba vya wenzao na kumletea habari alikuwa Arlene. Taa ile, samaki bunju aliyekaushwa akiwa amevimba na kutiwa globu tumboni, aliidhani pambo tu. Ilikuwa ndani ya boksi lake chini ya kitanda, kwa kuwa hakutaka kuiona.

Aliining'iniza mlangoni na kuiwasha adhuhuri hiyo. Wengi walikwisha kwenda uwanja wa ndege. Waliokuja ni wachache, Gil na Rosalind miongoni mwao, nao walikunywa wamesimama, masanduku yao yakiwa yameegemezwa ukutani. Gil alionja, akaonja tena.

"Vipi?" Dwight aliuliza.

"Ni yenyewe. Umejifunza kuipika?"

"Hapana. Ni ya kwake. Ndiyo ya mwisho."

Gil alikishusha kikombe polepole, akakitazama ndani, kisha akakimaliza bila haraka, ingawa dereva wa teksi alikuwa amekwisha kupiga simu mara mbili. Mlangoni alimshika Dwight bega. "Mwakani washa mapema, basi," alisema. Dwight aliitikia kwa kichwa.

Magurudumu ya masanduku yalibingirika hadi kwenye lifti, pakawa kimya. Chini ya chupa palibaki shira ya kinywaji kimoja. Dwight alikichanganya kwa uangalifu, akatoka nyuma ya baa, akaketi upande wa wageni, mahali ambapo hakuwahi kukaa. Alikunywa chote. Kisha aliinuka, akaenda mlangoni, akaizima taa kwa mkono wake.