Suruali Zisizohitaji Kupunguzwa

Fundi wetu wa nguo wa mtaa wa Chanji amefariki Jumanne, nyumbani kwa kaka yake kule kijijini Kate, baada ya kusumbuliwa na kifua kwa muda mrefu. Wengi wenu hamkumjua, na waliomjua walimjua kwa suruali. Mitumba ilipoanza kuingia Sumbawanga, mji mzima ulivaa nguo za watu wenye miguu mirefu kuliko yetu, naye akapanga chumba, akaweka cherehani na mabenchi mawili, akawa anapunguza. Chumba kilikuwa na mlango wa kutokea uani, na Jumapili mchana walikaa pale watu ambao mji huu haukuwa na mahali pa kuwaweka: wanaume wanaopenda wanaume, wanawake wanaopenda wanawake. Nami nilikuwa mmoja wao. Naandika hivyo kwa mara ya kwanza.

Sharti lake lilikuwa moja: kila anayekuja abebe suruali, ili majirani wakiuliza pawe na jibu. Mwalimu mmoja wa kijiji cha Pito alikuwa na suruali moja tu ya kubeba, ya kijivu, iliyomtosha vizuri. Lakini fundi hakupenda uongo. "Umesema umeniletea nipunguze, mwalimu. Basi napunguza." Akawa anakata kidogo kila Jumapili, hadi mwalimu akabaki na kaptula, tena wakati wa baridi, na baridi ya Ufipa mnaijua. Tulicheka mpaka machozi, mwalimu akiwa wa kwanza. Siku ile niligundua kwamba miaka yote nilikuwa nacheka huku nikijichunga. Maduka mapya yalikuwa yanafunguliwa kila mtaa, ruhusa zikitolewa kwa kila biashara, lakini ruhusa ya kukaa na wenzako ukiwa wewe mwenyewe hakuna ofisi iliyoitoa. Fundi aliitoa, akaongeza na benchi.

Kwa hiyo tulikwenda Kate na hofu moja, kwamba ndugu zake wangetufukuza msibani. Tulikuwa sita. Wakati wa mazishi tulisimama nyuma kabisa, karibu na uzio. Baadaye wazee walizunguka chungu cha kimpumu, pombe yetu ya ulezi, ambayo kila mmoja huvuta kwa mrija wake. Asiyetakiwa hapewi mrija. Kaka wa marehemu, mzee ambaye hatukuwahi kumwona, akatujia akiwa na mirija mkononi. Tukamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Ninyi ndio wa pale kwenye cherehani?"

Mmoja wetu alirudi hatua moja nyuma.

"Mdogo wangu alinisimulia yote," akasema, akitutazama mmoja mmoja. "Sasa yule wa kaptula ni yupi?"

Mwalimu akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Mzee akacheka, akampa mrija wa kwanza, kisha akatugawia sisi wengine. Nikakaa chini pale pale. Miaka yote tulidhani fundi anatuficha, kumbe nyumbani kwao alikuwa anatutaja.

Tulipoaga, mzee alituambia tuchukue cherehani, maana hapo kwake hakuna anayejua kushona. Mimi nami sijui hata kutunga uzi. Lakini nimejifunza kwake kwamba mahali pa kupumulia hapangoji mji mzima ukubali. Panahitaji mtu mmoja wa kufungua mlango na sababu ndogo ya kuingia. Cherehani iko sebuleni kwangu. Jumapili nipo. Mwenye suruali aje nayo, hata kama inamtosha.