Mfua Majembe Anayetaka Jembe Litoke Kwenye Kura

Umande haujakauka Masumbwe, na tayari nyundo ya Mzee Otmar inalia. Chuma anachokipiga ni kipande cha springi ya lori, chekundu kama pilipili iliyoiva. Hapa kwake mteja hakai tu kungoja. Mwenye jembe ndiye anayevukuta mivukuto. Leo anayevukuta ni Makoye, mfugaji wa jirani, na mdomo wake haupumziki.

"Shikamoo nimeshakupa, sasa nikuulize. Ni kweli mchana huu unakwenda kulisema jembe mkutanoni?"

"Vukuta, moto unalala."

"Jembe linakulisha, mzee! Hiyo ni sawa na ng'ombe kumpiga teke anayemkamua."

"Ng'ombe mwenye akili humpiga anayemkamua vibaya," anajibu Mzee Otmar, na wote wawili wanacheka.

Mzee Otmar ana miaka hamsini na minane. Kazi ameirithi kwa baba yake, Msumbwa aliyefua majembe ya mahari, enzi hizo binti anaolewa kwa majembe na siyo kwa redio. Kwa wiki anatoa majembe sita, saba mkono ukiwa mzuri. Mwaka huu wa 1983 madukani hayapo, basi watu wanamfuata kutoka mbali, hata Ushirombo, na jembe moja wanalibadilisha kwa debe la mahindi. Ndilo lililowalisha watoto watano, yeye na mkewe Anisia. Anashukuru.

Sasa neno lenyewe ni hili. Chama kimewataka wananchi waseme kibadilishwe nini kwenye Katiba, na Mzee Otmar analo la kusema kuhusu uchaguzi. Miaka yote mgombea ubunge mmoja anapewa alama ya jembe, mwenzake nyumba. Mwaka 1980, nyumba alipewa Mwalimu Valerian, yule wa kisomo cha watu wazima.

Mwalimu huyo, kwa Mzee Otmar, ni zawadi ya Mungu. Alimkuta na miaka arobaini na tisa, hajui hata a. Vidole vigumu vile havikushika kalamu, mwalimu akampa mkaa, mzee akawa anaandika kwenye bati la kibanda.

"Siku niliyosoma barua ya binti yangu mwenyewe, bila kumpelekea mtu, nililia," anasema. "Zamani siri za nyumba yangu nilikuwa nazikuta kilabuni, zimetangulia kufika."

Lakini siku ya kura, alipobaki peke yake na karatasi, akaliona jembe pale kabla ya majina. Mkono ukaenda wenyewe.

"Miaka arobaini naligusa jembe, ndugu yangu. Sikumbuki hata kuwaza. Nimeshatoka nje ndiyo nashtuka: Mungu wangu, nimemnyima mwalimu!"

Mwalimu Valerian alishindwa. Miaka mitatu sasa akimwamkia Mzee Otmar njiani, ile marahaba inamkwama mzee kooni.

Saa nane ofisi ya tawi imejaa. Mzee Otmar anasimama, kofia mkononi, na mwalimu yuko benchi la mbele kabisa. Anaeleza yote, tangu mkaa hadi kura.

"Basi ninachoomba," anamalizia, "jembe litoke, na nyumba itoke. Wekeni picha ya mtu kando ya jina lake. Jembe nalijua mimi. Aliyejificha nyuma ya jembe simjui."

Bibi Coletha, mwuza vyungu, anadakia: "Na sisi tusiosoma je?"

"Dada, sura haihitaji darasa. Mumeo si ulimtambua bila kusoma?"

"Nilimtambua, ndiyo maana nikamkimbia!"

Kicheko kinatikisa bati. Eustace, katibu wa tawi, yeye hacheki. Kalamu iko hewani.

"Mzee, huko juu watasema unaitukana alama ya mkulima. Niandike kweli?"

Ndipo Mwalimu Valerian anapoinuka.

"Andika, ndugu katibu. Na jina lake liweke." Kisha anamgeukia mfua chuma. "Mzee wangu, ulidhani uko peke yako? Hata mama watoto wangu alichagua jembe. Aliniambia jioni ile ile, ugali uko mezani."

Mzee Otmar anacheka hadi machozi yanamtoka, na hayo machozi si ya kicheko peke yake. Katibu anaandika.

Kama maoni hayo yatafika Dodoma au yataishia wilayani Kahama, Mzee Otmar hajui. Jioni anarudi kibandani na hatua nyepesi, na njiani mwalimu anapompa shikamoo, marahaba inatoka nzima.

"Akisimama tena 1985, hata wakimpa alama ya fisi, nitapita nyumba kwa nyumba," anasema. "Nitawaambia watu: alama iacheni, mwulizeni mwenye macho ya kusoma awasomee jina. Na mimi mwenyewe nitalisoma mara mbili kabla mkono haujagusa karatasi."