Msamaha wa Kuforwadi

Ami yangu aliniomba msamaha siku ile ile aliyomwomba fundi wake wa mabomba.

Sitanii. Zilibaki siku mbili Ramadhani iingie. Simu ikalia, picha ya mwezi na taa: "Kama nimekukosea kwa kujua au kutojua, nisamehe." Kaforwadi kwa kila mtu aliye kwenye simu yake.

Damu ikanichemka. Miaka kumi na minne nangoja neno kutoka kwa Ami Idris, ndilo hili?

Nikafunga duka langu la madera hapa Ukunda, moja kwa moja hadi kwake Msambweni. Nikamkuta barazani na kahawa yake. Shikamoo sikumpa.

"Ami, ulinikosea nini?"

"Aah, Khamisa mwanangu. Binadamu hukoseana."

"Nakuuliza, nini?"

Akacheka. Wallahi alicheka! Hakumbuki.

Nikamkumbusha. Nilikuwa kidato cha tatu. Aliona msichana wa buibui akitoka chumbani kwa mwanamume kule Diani, akamwapia baba kuwa ni mimi. Hata sikuwa Diani siku hiyo! Nikatolewa shule, nikaozwa mwezi uo huo.

"Lo! Bado umeyaweka moyoni hayo?" akasema. "Mimi sikai nikajichunguza, mwanangu. Na maisha yangu mazuri, alhamdulillahi."

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira za kweli. Kwa sababu hakusema uongo! Ana afya, anaheshimiwa, usingizi haujawahi kumpaa.

"Mazuri kwako wewe!" nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka.

Niko njiani kurudi, simu ikalia. Ujumbe wa Mbodze, aliyekuwa akinisaidia kazi za nyumbani zamani.

"Dada Khamisa, nimeona ujumbe wako wa msamaha. Unakumbuka ulinikosea nini?"

Ujumbe gani? Nikaangalia. Mwezi na taa. Asubuhi ile ile, kama kila mwaka, nami nilikuwa nimewatumia watu wangu wote.

Nikafikiri. Wapi! Sikumbuki kitu.

Akaandika: "Uliniita mwizi wa pete yako, ukanipekua mbele ya wageni. Baadaye nikasikia pete uliikuta kwenye debe la unga. Hukunipigia."

Pete yenyewe iko kidoleni hapa ninapoandika.

Jamani, mtu asiyejitazama anaweza kuishi raha mustarehe. Wanaolia ni wengine. Kwa hiyo msiniletee picha za mwezi na taa. Nipigie, utaje ulichonifanya.

Mbodze nampigia tangu juzi. Hapokei, na ana haki.