Deki ya Ndovu Watupu

Nakumbuka siku moja pale Kimulot, kabla sijaota hata ndevu za kumpa kinyozi kazi, nilipojiona mimi ndiye fundi wa kadi. Kikundi chetu cha vijana kanisani kilikuwa na boksi moja la kadi za vita vya viumbe, na nafasi moja tu ya kwenda kushindana Kericho mjini, ya atakayemshinda mwenzake. Niliitaka nafasi hiyo mpaka chakula kikawa hakipiti.

Kadi tuligawana mimi na Achieng', aliyeitaka nafasi hiyo pia, binti wa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha chai, watu wa kule ziwani. Mnyama wa ukoo wetu ni ndovu, basi mwanangu, deki yangu, yaani fungu langu la kadi za kuchezea, nikaijaza ndovu watupu. Wakubwa, wa kuogofya, kila mmoja akitaka zamu tano za kungoja kabla hajakanyaga meza. Achieng' akaokota nyuki niliowatupa. Nilimcheka sana.

Lakini yule msichana alikuwa na jicho! Nyuki wa kwanza alimwita wa pili, wa pili akawapa wote nguvu, malkia akaja kundi limeshatimia. Hakuna kadi iliyokaa bure mkononi mwake. Ndovu wangu wa kwanza alipoingia, alikufa papo hapo. Nilishindwa mara tatu mfululizo, nikainuka bila kumpa mkono.

Kogo, nyanya yangu, alikuwa hapo uani kwake tulipochezea, akichambua mboga, na alituona.

"Kibet, ndovu si ni ya ukoo yetu?"

"Ndiyo, Kogo."

"Sisi hatuui yeye. Na wewe unatuma yeye akufe kwa meza, ndio watu waone wewe ni mkubwa? Enda salimia huyo msichana."

Niliona aibu, mwanangu, aibu ya kweli. Nilirudi, nikampa mkono, nikamwomba anifundishe. Alizitandaza kadi zake akasema, "Wacha kuangalia ile kubwa. Angalia gani inasaidia gani."

Kericho alikwenda yeye, nami nikamsindikiza. Alishinda michezo miwili, akashindwa wa tatu, na mpaka leo sijaona mtu akipanga kadi vizuri vile.

Kwa hiyo ukipanga deki yako, usichague kiumbe kwa sababu jina lake linakupa sifa. Jiulize atamfaa nani pale mezani. Na ukikutana na anayekuzidi, mwambie hivyo mbele ya watu, yeye mwenyewe akisikia. Mungu akubariki, mwanangu, akupe mpinzani wa kukushinda kwa haki, na mkono mwepesi wa kumpongeza.